Nyoka kijani: jinsi ya kumtambua ukukwi bila kumgusa

Mvua za vuli zikianza tu, maswali huja yale yale. "Nimeona nyoka kijani kwenye mwembe, ana sumu?" "Kuna mmoja kaingia kwenye makuti ya banda, tumuue?" "Hii picha ni ya mamba kijani au ni nyoka wa kawaida?" Jibu la neno moja halimfai muulizaji, maana anapouliza mara nyingi ameshashika fimbo, au, mbaya zaidi, ameshamshika nyoka mwenyewe. Kwa hiyo nimepanga hatua zote hapa, zisomwe kabla nyoka hajaonekana.

Kazi hii ni ya macho. Hakuna hatua hata moja inayokutaka umguse nyoka. Ukifika mahali ukafikiri huwezi kumjua mpaka umshike, basi jibu lako ni "simjui", na unarudi nyuma.

Mwongozo huu ni wa ukanda wa pwani ya Kenya na Tanzania, Unguja, na milima ya Usambara. Ukiwa Kakamega, Uganda au Kongo usiutumie. Sababu utaikuta mwishoni.

Unayemtafuta, na wanaofanana naye

Ukukwi ni nyoka mwembamba wa mitini na vichakani, wa jenasi ambayo wanasayansi wanaiita Philothamnus. Barani Afrika kuna spishi zake zipatazo 20. Huku kwetu utakutana hasa na wanne. Philothamnus punctatus ndiye wa pwani hasa: kijani, au kijani kinachoelekea buluu, mwenye vidoa vidogo vyeusi mwilini. Philothamnus semivariegatus ana mabaka meusi yanayokata mgongo kwenye nusu ya mbele ya mwili, halafu mabaka yanafifia na mkia unaishia na rangi ya shaba. Huyu utamkuta hata mbali na bahari. Philothamnus hoplogaster mara nyingi ni kijani kitupu, hukaa karibu na maji na anajua kuogelea. Wa nne ni Philothamnus macrops, ukukwi wa Usambara, ambaye rangi zake hubadilika sana, kwa hiyo usitegemee kijani peke yake.

Wote hawana sumu. Meno yao ni madogo, ya kushikia tu. Hawamkabi windo kwa kujizungusha: mjusi au chura hukamatwa na kumezwa akiwa hai. Punctatus na semivariegatus ni wawindaji wa mijusi, na ndiyo maana huingia kwenye mapaa ya makuti, walipojaa mijusi kafiri. Hoplogaster anapenda zaidi vyura. Hutaga mayai marefu membamba, semivariegatus kati ya 3 na 12, na vitoto vikianguliwa hujitegemea siku hiyo hiyo.

Tatizo ni majirani zake watatu. Wa kwanza ni mamba kijani, Dendroaspis angusticeps (nyoka, si yule wa mtoni), ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na hufanya kazi haraka. Wa pili ni bumslangi, Dispholidus typus, mwenye sumu inayoharibu uwezo wa damu kuganda. Wa tatu ni nyoka-kijiti, Thelotornis, wa rangi ya tawi kavu, ambaye kwa sumu yake hakuna dawa ya hospitali iliyotengenezwa. Wote watatu wanaishi humo humo anamoishi ukukwi, na wote wanatembea mchana. Hapa ndipo ugumu ulipo.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Darubini. Ya mara 8 inatosha kabisa. Ukiwa nayo, huna sababu ya kumsogelea nyoka.
- Kamera yenye lenzi ya kuvuta karibu. Simu peke yake itakushawishi usogee, kwa hiyo kama una simu tu, tumia darubini kutambua na usihangaike na picha.
- Mabuti yanayofunika kifundo cha mguu, na suruali ndefu ya kitambaa kizito. Kandambili ziache nyumbani.
- Tochi yenye mwanga mkali kwa kazi ya usiku, na betri za akiba.
- Daftari na kalamu, rula, na kioo cha kukuzia. Hivi viwili vya mwisho ni vya ngozi iliyovuliwa, tutafika huko.
- Mtu wa pili. Usiende peke yako.
- Jina la hospitali iliyo karibu yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, na namba yake ya simu. Piga kabla ya safari uulize kama dawa ipo kweli. Hospitali nyingi hazinayo, na hilo si jambo la kuligundua ukiwa na mgonjwa mgongoni.

Koleo za kukamatia nyoka hazimo kwenye orodha, na hazimo kwa makusudi. Pamoja na hatari yake, kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria Kenya na Tanzania. Ukitaka kuingia hifadhi, iwe Amani kule Muheza, Pugu karibu na Dar es Salaam, Jozani Unguja, au Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, lipa kiingilio getini na uchukue mwongozaji wa pale. Atakuonyesha nyoka ambao wewe ungewapita.

Kama unaweza, pitia kwanza mahali wanapofugwa nyoka, kwa mfano Bio-Ken pale Watamu au Meserani nje ya Arusha. Kumtazama mamba kijani kupitia kioo kwa nusu saa kunafundisha jicho kuliko picha mia.

Hatua zenyewe

1. Chagua mahali na saa. Kukwi hutembea mchana, jua likishapasha majani. Asubuhi iliyofuata usiku wa mvua, jua linapotoka, ni nzuri sana. Tafuta kingo za msitu, pembeni mwa njia, vichaka vya kando ya kijito, na mahali mti ulipoanguka ukaacha uwazi. Ndani kabisa ya msitu mnene, chini ya kivuli kizito, utachoka bure. Kama ni hoplogaster unayemtaka, nenda kwenye madimbwi na mabwawa yenye vyura.

2. Tafuta kwa macho, usipige vichaka kwa fimbo. Ukipiga kichaka, ukukwi ataondoka kabla hujamwona, na bumslangi atabaki pale pale akikutazama. Tembea hatua chache, simama, tazama ncha za matawi kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Unatafuta mstari uliopinda kwa namna ambayo mmea haupindi. Mikono ikae mbali na matawi. Mtu anayejishikilia kwenye tawi bila kulitazama ndiye anayeng'atwa.

Sikiliza ndege pia. Shore na ndege wengine wadogo wakikusanyika mahali pamoja wakipiga kelele zisizokwisha, wakirukaruka bila kuondoka, kuna kitu wanakizomea, na mara nyingi ni nyoka. Njia hii inafanya kazi vizuri mno, ila ndege hawachagui: hukupeleka kwa mamba kijani na bumslangi vile vile, maana hao ndio wanaokula makinda yao.

3. Rudi usiku, ukiwa na tochi. Wanaoanza hawaamini hili mpaka walione. Mchana ukukwi ana macho makali na mbio, usiku amelala. Hupanda kwenye ncha ya tawi jembamba, akajikunja juu ya majani, na mwanga wa tochi ukimpiga mwili wake huonekana mweupe kidogo kuliko majani yaliyomzunguka. Analala ncha ya tawi kwa sababu nzuri: mnyama yeyote anayemfuata atalitikisa tawi, naye atajiachia aanguke. Kwa hiyo usitikise, na usisimame chini yake.

Mamba kijani naye hulala juu ya mti akiwa amejikunja. Nyoka aliyelala haonyeshi kichwa vizuri, na hapo utambuzi ni mgumu. Usiku tumia kwa kujua mahali walipo, kisha urudi asubuhi mapema kumtambua kabla hajaondoka.

4. Ukimwona, simama hapo hapo. Umbali wa mita nne au tano unatosha kwa darubini. Usimwite mwenzako kwa kelele, usinyooshe mkono ghafla. Ukukwi huona mwendo kuliko umbo. Ukitulia, anaweza kuendelea na shughuli zake dakika nyingi, na hapo ndipo raha yote ya kazi hii ilipo. Mpe njia ya kuondokea. Usimweke kati yako na ukuta.

5. Anza na kichwa. Tazama urefu wake na ukubwa wa jicho, vyote viwili kwa pamoja.

Ukukwi ana kichwa cha urefu wa wastani, kilichotengana kidogo na shingo, na jicho kubwa la mboni ya duara, mara nyingi lenye mzingo wa dhahabu. Mamba kijani ana kichwa kirefu, chembamba, kilichonyooka pande zote kama jeneza, na jicho linaloonekana dogo kwa kichwa chenyewe. Bumslangi ana kichwa kifupi, butu, na jicho kubwa kupita kiasi. Ukimtazama unaona jicho kwanza, kichwa baadaye. Nyoka-kijiti ana kichwa kirefu kilichochongoka na mboni iliyolala, umbo la tundu la ufunguo.

Hapa kuna makosa mawili ambayo nayasikia kila mara. La kwanza: "Mboni ya duara maana yake hana sumu." Kanuni hiyo ilitungwa Marekani, ambako nyoka wengi wenye sumu ni wa jamii ya vipiribao wenye mboni za mstari. Kwa Afrika kanuni hiyo haina maana yoyote. Mamba kijani, koboko na swila wote wana mboni za duara. La pili: "Jicho kubwa maana yake ni ukukwi." Jicho kubwa linamwondoa mamba kijani, lakini bumslangi bado yumo, na ndiye mwenye jicho kubwa kuliko wote.

6. Nenda mwilini. Magamba ya ukukwi ni laini na yanang'aa. Magamba ya bumslangi kila moja lina mgongo katikati, mstari ulioinuka, na yamelala mshazari. Kwa darubini mwili wake unaonekana mkavu na wenye mikwaruzo, haung'ai. Mara nyingi bumslangi wa kijani ana ukingo mweusi kwenye kila gamba, hivyo mwili mzima unakuwa na alama za wavu. Usiuchanganye wavu huo na vidoa vya punctatus, ambavyo vimetawanyika bila mpangilio.

Mamba kijani ana magamba laini pia, na mwili wa rangi moja toka shingoni hadi mkiani, kijani kibichi bila doa. Kwa hiyo nyoka kijani mwenye vidoa au mabaka meusi, magamba laini yanayong'aa, na jicho kubwa, huyo unaweza kumwita ukukwi kwa moyo mkunjufu. Nyoka wa kijani kitupu ni kazi nyingine: anaweza kuwa hoplogaster, anaweza kuwa mamba kijani. Hapo rudi hatua ya 5 na usiiache mpaka umeona kichwa chote kwa ubavu.

Ukubwa unasaidia upande mmoja tu. Kukwi wengi ni chini ya mita moja, na punctatus mkubwa anafika kiasi cha mita 1.2, akiwa bado mwembamba. Nyoka kijani wa mita 1.8 si ukukwi, maliza mjadala. Lakini nyoka kijani mdogo si lazima awe ukukwi, kwa sababu mamba kijani huanguliwa akiwa na sentimita 30 hadi 45 tu, rangi yake kijani-buluu, na sumu yake iko tayari siku hiyo hiyo.

7. Tazama mwendo wake, ila usiutegemee. Kinachovutia kwa punctatus na semivariegatus ni jinsi wanavyopanda. Magamba ya tumbo yana kona iliyokunjwa kila upande, na kona hizo hushika nyufa za gome la mti na vishimo vya ukuta, kwa hiyo nyoka hupanda shina lililosimama wima bila kulizunguka. Ukiona nyoka mwembamba anapanda ukuta wa nyumba moja kwa moja akielekea kwa mjusi, yaelekea ni mmoja wa hawa wawili.

Akiogopa, ukukwi huvimbisha shingo, na katikati ya magamba hutokea ngozi ya buluu. Wengi wakiona hivyo husema ni tishio la nyoka mwenye sumu. Wengine waliosoma kidogo husema ni dalili ya ukukwi. Wote wamekosea. Bumslangi huvimbisha shingo, nyoka-kijiti huvimbisha shingo. Nyoka aliyevimba shingo amekwambia kitu kimoja tu, kwamba umemkaribia mno. Rudi nyuma.

8. Piga picha tatu, usizidi sana. Moja ya kichwa kwa ubavu, moja ya katikati ya mwili ionyeshe magamba, moja ya nyoka mzima na tawi alilopo. Wanaoanza hupiga picha ishirini za mwili mzima kwa mbali, zote hazionyeshi jicho. Usitumie mwanga wa kamera karibu na uso wake.

9. Amua. Majibu ni matatu: ni ukukwi, si ukukwi, simjui. Ili useme ni ukukwi, alama zote ziwe zimekubaliana: kichwa, jicho, magamba, unene na urefu. Moja ikikataa, jibu ni "simjui", na asiyejulikana anachukuliwa kuwa na sumu.

Kama unadhani natia chumvi, fikiria yaliyompata Karl P. Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa karne iliyopita. Mwezi Septemba 1957, akiwa kwenye makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji huo ili amtambue. Alama karibu zote zilisema bumslangi, lakini gamba moja la mwisho wa tumbo halikuwa limegawanyika kama yeye na wenzake walivyotarajia, wakaingia shaka. Schmidt akamshika, akang'atwa kidole gumba. Hakutafuta matibabu; alikaa akiandika dalili zake mwenyewe, na kesho yake alifariki. Alikuwa na maktaba na wenzake pembeni. Wewe una mwanga wa jioni na mbu.

10. Andika. Tarehe, saa, mahali, urefu kutoka chini, aina ya mti, hali ya hewa, alikuwa akifanya nini. Ukitaka wataalamu waipitie picha yako, iweke kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na wengine husaidia kuvitambua. Kuhusu kukwi wa Usambara hasa, daftari la mtu makini lina thamani: msitu ni mdogo, na mengi ya maisha yao ya kila siku hujulikana kwa kutazamwa tu.

Ngozi iliyovuliwa: njia salama kuliko zote

Watu huokota ngozi ya nyoka wakaitupa au kuichoma. Usiichome. Ngozi haing'ati, na ina habari ambazo nyoka hai hatakupa.

Ilowanishe kidogo kwa maji, itandaze juu ya karatasi, chukua kioo cha kukuzia. Kwanza tazama magamba ya mgongoni: kama yana mistari iliyoinuka katikati, si ukukwi. Kama ni laini, hesabu safu. Anza katikati ya urefu wa ngozi, kwenye gamba la kwanza linalopakana na magamba mapana ya tumbo, panda mshazari ukivuka mgongo mpaka upande wa pili, usihesabu ya tumbo. Rudia mahali pengine pawili, maana mara ya kwanza kila mtu hukosea.

Ukukwi ana safu 13 au 15. Mamba kijani ana 17 hadi 21, mara nyingi 19. Bumslangi naye huanzia 17 kwenda juu, ila yeye umeshamtoa kwa mistari ya magamba. Mwisho, tazama magamba ya tumbo: mkunjo kila upande unaelekeza kwa punctatus au semivariegatus, pasipo mkunjo unaweza kuwa na hoplogaster.

Tahadhari mbili. Ngozi ikivuliwa hunyooka, kwa hiyo ni ndefu kuliko nyoka mwenyewe. Usiseme "nyoka wa mita mbili" kwa kupima ngozi. Na hesabu hii inatenganisha hawa wa kijani wa mitini tu. Kuna nyoka wengine wa huku, wasio wa mitini, wenye safu 15 ambao hawamo kwenye mwongozo huu.

Ukikwama

Nyoka ni wa kahawia au kijivu, si kijani. Usimtoe bumslangi kwa sababu hiyo. Majike wengi wa bumslangi ni wa kahawia, na vitoto vyake ni vya kijivu-kahawia vyenye jicho kubwa la kijani linalong'aa. Akiwa na rangi ya tawi kavu na ametulia bila kutikisika, fikiria nyoka-kijiti.

Nyoka kijani yuko chini, mnene, mkia mfupi. Huyo si ukukwi. Pwani ya Kenya ina kipiribao wa kijani wa ardhini, Causus resimus, mwenye ngozi inayoonekana ya mahameli. Ana mboni ya duara na ana sumu.

Ameingia ndani ya nyumba. Toa watoto na paka, funga mlango wa chumba, fungua dirisha au mlango wa nje, kaa mbali mmtazame. Ukukwi akiona njia huondoka mwenyewe. Asipoondoka na humjui, ita watu wanaohamisha nyoka au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Akirudi tena na tena, punguza matawi yanayogusa paa. Ndiyo ngazi yake.

Nyoka amekufa barabarani. Usimshike kichwa. Taya za nyoka aliyekufa huweza kubana baada ya kifo, na meno ya sumu hayajui kwamba mwenyewe kafa. Mgeuze kwa kijiti kirefu, piga picha, hesabu magamba kwa jicho.

Picha imetoka na ukungu. Usimfuate nyoka kichakani ili upate nyingine. Andika "simjui", nenda zako.

Mtu ameng'atwa, na wote mnasema "ni ukukwi tu". Nenda hospitali hata hivyo. Ukukwi huacha mikwaruzo midogo na damu kidogo, hakuna zaidi ya kuosha kwa sabuni. Lakini nani ana hakika? Mamba kijani huonyesha dalili mapema: kope kulegea, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida. Bumslangi ndiye mwenye hila, kwa sababu saa za mwanzo mgonjwa anaweza kujiona mzima, halafu fizi na kidonda vikaanza kuvuja damu baadaye, hata baada ya siku nzima. Mvue pete na bangili, mtulize, fungia kiungo kibao kisitikisike, mbebe asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Picha ya nyoka kama ipo ichukueni. Nyoka mwenyewe muacheni. Mwambieni daktari waziwazi kama mnamshuku bumslangi, maana ile dawa moja ya kuzuia sumu za nyoka wa aina nyingi haizuii sumu yake. Dawa yake ni ya peke yake na hutengenezwa Afrika Kusini.

Uko magharibi: Kakamega, Uganda, Kongo. Huko yupo mamba wa Jameson, ambaye safu zake za magamba ni 15 hadi 17, kwa hiyo hesabu ya ngozi niliyokupa itakudanganya vibaya. Wapo pia vipiribao wa kijani wa matawini, Atheris, na nyoka wengine wa mitini wa kijani ambao huku pwani hatunao. Magamba, macho na urefu nilivyovieleza havikutungwa kwa ajili ya msitu huo. Tafuta mwongozaji wa pale, uanze naye upya kutoka hatua ya kwanza.